Mtoto wa Hagadera Akisomea Usalama

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Hagadera, Kaunti Ndogo ya Fafi, mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne, wazazi, walimu na wazee, katika siku ya ushauri wa masomo ya juu. Yamefupishwa kidogo.



Nimeombwa nizungumze juu ya kozi moja ya chuo kikuu. Ni elimu ya uhalifu, ambayo wengi huiita kriminolojia, ikisomwa pamoja na usalama wa dunia. Kabla sijasimama hapa, mama mmoja aliyeketi mstari wa mbele ameniuliza, "Mwalimu, binti yangu anaitaka kozi hiyo. Akimaliza atakuwa nani? Atakuwa mtu wa kutukamata?"

Watu wamecheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali hilo ni zito. Katika eneo letu neno "usalama" limekuja mara nyingi likiwa ndani ya lori la askari. Limekuja na kitambulisho kinachoangaliwa mara tatu katika safari moja ya basi. Limekuja na miaka ambayo wazee walioketi hapa hawahitaji kukumbushwa: Garissa mwaka 1980, na Wagalla kule Wajir mwaka 1984. Kwa hiyo nitajaribu kumjibu mama huyu, na nikimaliza, yeye ndiye atakayesema kama amejibiwa.

Nianze na kuni.

Njia ya kuni mnaijua. Katika miaka ya 1990, wanawake na wasichana wa Hagadera, Ifo na Dagahaley walikuwa wakienda porini kutafuta kuni, na huko wakiviziwa na watu wenye silaha na kubakwa. Sasa wanafunzi, fikirini mmepewa kazi ya kuuzuia uovu huo. Mmoja wenu atasema, tuongeze adhabu. Mwingine atasema, tuongeze doria. Wa tatu atasema, tuwape watu kuni, wanawake wasiende porini.

Shauri la tatu lilijaribiwa kweli. Kuanzia mwaka 1998 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liligawa kuni katika kambi za Dadaab kwa fedha za Marekani. Mwaka 2001 ikatolewa tathmini. Wachunguzi walihesabu kesi zilizoripotiwa, wakaona kwamba katika vipindi ambavyo kaya zilikuwa na kuni za kutosha, ubakaji kwenye njia ya kuni ulipungua kwa karibu nusu. Alhamdulillahi. Lakini hawakuishia hapo. Walihesabu pia yaliyotokea mahali pengine, wakakuta kwamba katika vipindi hivyo hivyo ubakaji katika mazingira mengine uliongezeka. Njia moja ilifungwa kidogo, na uovu ukatafuta njia nyingine. Na wanawake wengi waliendelea kwenda porini, kwa kuwa kuni za mgao zilitosheleza sehemu tu ya mahitaji ya nyumba.

Hiyo ndiyo kriminolojia. Haianzi kwa kuuliza, "Nani mbaya?" Huuliza: jambo hili hutokea wapi, saa ngapi, kwa nani, na tukibadilisha kitu kimoja, kipi kingine kitabadilika? Mwaka 1979 wasomi wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba uhalifu huhitaji mambo matatu yakutane: mtu mwenye nia mbaya, mtu au mali ya kulengwa, na kukosekana kwa mlinzi. Mgao wa kuni ulimwondoa anayelengwa mahali pamoja. Mwenye nia mbaya alibaki, na mlinzi bado hakuwepo. Mkilielewa hilo mtaelewa kwa nini mradi ulisaidia na kwa nini haukutosha.

Na yule aliyesema tuongeze adhabu? Mwitaliano Cesare Beccaria alimjibu mwaka 1764. Alisema kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Mhalifu haogopi kifungo cha miaka 30 asichotarajia kukitumikia. Huogopa kukamatwa wiki hii. Ndiyo maana kituo cha polisi ambako mwanamke anaweza kuingia, akasikilizwa kwa lugha yake na kesi yake ikaandikwa vizuri, huzuia maovu kuliko sheria kali iliyofungiwa kabatini.

Sasa niende kwenye nusu ya pili ya kozi, usalama wa dunia.

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Sisi wa kaunti hii hatuhitaji kusimuliwa. Nataka tu mkumbuke kilichofuata. Siku chache baadaye serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, zile tunazoziita hawala. Nia ilikuwa kuukata mkono unaowalisha wauaji, na hakuna mtu mwenye akili anayeipinga nia hiyo.

Lakini hapa Hagadera hawala ndiyo karo ya shule. Ndiyo deni la dukani linalolipwa mwisho wa mwezi na ndugu aliyeko Minneapolis au Nairobi. Bomba moja linapopitisha maji safi na maji machafu, ukilifunga lote umewaadhibu wenye kiu pamoja na mwenye sumu. Na mwenye sumu huenda akapata njia nyingine, fedha zikasafiri mfukoni mwa mtu, mahali ambapo hakuna karani wa kuziandika. Leseni zilirudishwa baadaye mwaka huo huo, kwa masharti ya uangalizi.

Ili uyaelewe mambo hayo vizuri huwezi kuishia Garissa. Lazima ujue kwa nini benki za Uingereza na Marekani huogopa kushughulika na kampuni zinazotuma fedha Somalia. Lazima ujue Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa hufanya nini. Mfano mwingine ni makaa. Mwaka 2012 Baraza hilo lilipiga marufuku makaa kutoka Somalia, kwa kuwa biashara yake ilikuwa ikiwapa al-Shabaab fedha. Makaa hayo yalikuwa yakipita bandari kama Kismayu, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa nchi za Ghuba. Mti umekatwa Juba, moto wake umewashwa Ghuba, na ukosefu wa amani ukaja mpaka kwenye barabara zetu.

Hapo ndipo mnaona kwa nini masomo haya mawili yakae pamoja. Anayesoma uhalifu peke yake ataiona njia ya kuni, asiione bandari. Anayesoma usalama wa dunia peke yake ataiona bandari kwenye ramani, asimwone mwanamke aliyebeba kuni. Vijana wetu wanaoondoka kwa tahriib, wakaangukia mikononi mwa magafe huko jangwani, halafu simu ikapigwa hapa kudai fidia, hilo ni kosa la jinai au ni suala la dunia? Ni yote mawili. Kuna wakala aliyewachukua mtaani, na huyo Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inamhusu. Na kuna nchi tatu au nne njiani, kila moja na mipaka yake, vita vyake na polisi wake.

Katika masomo hayo mtakutana pia na fundisho moja ambalo kwa sisi wa Kaskazini Mashariki si la kitabuni tu. Fundisho hilo ni kwamba kosa ni la aliyelitenda. Halienei kwa ukoo, lugha, dini wala kwa kuishi kambini. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab kwa sababu za usalama. Mwezi Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na Katiba, na kwamba ni kulitesa kundi zima la watu. Hakusema kwamba ugaidi haupo. Alichokataa ni kundi zima kubebeshwa mzigo wa wachache. Atakayesomea usalama bila kulielewa jambo hilo atakuwa hatari, hata akipata alama ya A.

Wanafunzi, msidhani kwamba elimu hii imetoka ng'ambo tu ikaletwa kwetu. Mwaka 1993 koo zilikuwa zikipigana Wajir, hata sokoni wanawake wa koo tofauti hawakununuliana bidhaa. Wanawake wachache walianza kwa kuzungumza, kisha wakaamua kulilinda soko ili kila mwanamke auze na kununua. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Waliwaita wazee, vijana, masheikh na maafisa wa serikali, na ikazaliwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mfano wake ulienezwa katika wilaya nyingine za nchi. Mwaka 2007 Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011. Soko ni mahali watu wanapokutana. Ukimweka mlinzi anayeaminiwa na pande zote, umefanya kile ambacho Cohen na Felson walikiandika.

Mwaka 2001 wazee na viongozi wa eneo hili walikutana Modogashe, wakatoa azimio juu ya wizi wa mifugo, malisho na maji, silaha haramu na uporaji wa barabarani. Na tarehe 21 Desemba 2015, katika basi lililokuwa likielekea Mandera, abiria Waislamu walikataa kujitenga na Wakristo walipoamriwa na magaidi. Wanawake waliwafunika wenzao kwa hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Hakuna chuo kinachoweza kumfundisha mtu ushujaa wa namna hiyo. Lakini chuo kinaweza kumfundisha mtu kuuliza: kwa nini basi lile lilifika pale bila ulinzi, na tufanye nini basi lingine lisifike hivyo?

Sasa wazee wangu, naomba ruhusa niseme neno gumu. Mnisamehe kama nitakosea adabu.

Maslaha yametusaidia sana. Bila maslaha damu nyingi zaidi ingemwagika kwa ajili ya visima na ngamia. Lakini msichana anapobakwa, wanaume wakaketi chini ya mti wakakubaliana fidia, na fidia ikaenda kwa wanaume wengine, yeye aliyeumizwa amepata nini? Aliyemuumiza amejifunza nini, kama si kwamba kosa lile lina bei? Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema hilo ni kosa la jinai, na mahali pake ni mahakamani. Kriminolojia inatuonyesha jambo jingine juu ya hayo. Kesi zikiishia chini ya mti, haziandikwi. Zisipoandikwa, hazihesabiwi. Zisipohesabiwa, kaunti na taifa hudhani Hagadera ni salama, na msaada hauji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huwezi kuziba ufa usiouona. Sisemi tuyatupe maslaha. Nasema wazee wayafahamu mambo yao na mahakama ifahamu mambo yake. Binti za watu hawa wakirudi na elimu hii, wapeni kiti katika baraza mkae nao.

Nije kwenye mambo ya vitendo, maana najua ndiyo mliyoyasubiri.

Kwanza, alama. Shahada ya chuo kikuu Kenya inahitaji wastani wa C+ katika KCSE. Zingatieni Kiingereza, Kiswahili na Hesabu. Ndiyo, Hesabu. Wengi hudhani kozi hii ni hadithi za wapelelezi, kisha mwaka wa pili wanakutana na takwimu, na machozi yanaanza. Mtasoma pia sheria ya jinai, saikolojia, sosholojia, mbinu za utafiti, haki za binadamu na uhusiano wa kimataifa.

Pili, chuo. Jina la kozi hubadilika kutoka chuo hadi chuo, kwa hiyo someni yaliyomo ndani, si kichwa chake tu. Chuo Kikuu cha Egerton kina shahada ya Kriminolojia na Masomo ya Usalama. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho hufundisha masomo ya usalama. Wananchi huomba nafasi kupitia KUCCPS na mkopo kupitia HELB. Ulizeni pia basari za kaunti mapema, msingoje wiki ya kuripoti chuoni.

Tatu, nyinyi wakimbizi. Njia yenu ni nyembamba zaidi, sitawadanganya. Lakini ipo. Kuna ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Kuna mpango wa WUSC wa kwenda Kanada. Na kuna watu waliosomea shahada hapa hapa Dadaab, kupitia mradi ulioviunganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vile vya York na British Columbia vya Kanada. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo alama zenu ndizo zitakazowasemea.

Nne, kazi. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Shahada hii haiahidi kazi. Kama nia yako ni kuwa konstebo wa polisi tu, huhitaji miaka 4 ya chuo, maana alama ya D+ huruhusu kuomba, ilimradi uwe raia wa Kenya. Mkimbizi hawezi kuajiriwa polisi. Lakini milango mingine ipo. Kuna Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kuna IPOA, mamlaka huru inayowachunguza polisi wenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kuna idara ya probesheni, magereza, mahakama, benki zinazochunguza fedha chafu, mashirika ya misaada, na kaunti zenyewe. Hapa kambini kuna timu za amani na ulinzi za jamii, CPPT, ambazo wengi wenu mna kaka au dada ndani yake. Na sasa serikali imezindua Mpango wa Shirika, mwezi Machi 2025, wa kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na jamii mwenyeji watatumia huduma pamoja. Shule moja, hospitali moja, kisima kimoja, kituo kimoja cha polisi. Mnadhani ugomvi hautakuwepo? Utakuwepo. Na atahitajika mtu anayejua namna ya kuutazama kabla haujawa moto.

Katika kazi hizo mna kitu ambacho mwanafunzi wa Nairobi hana. Mnasema Kisomali na Kiswahili na Kiingereza, na wengine wenu mnasoma Kiarabu tangu duksi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mgeni akija kufanya utafiti Hagadera, hukaa wiki mbili akiwa na mkalimani. Nyinyi mmekaa maisha yote.

Lakini kitu hicho hicho ndicho kinachoweza kuwaangusha. Mtu akishajulikana kwamba anasomea usalama, kuna watakaomwogopa na kuna watakaotaka kumtumia. Kwa hiyo shikeni neno hili mapema. Mtafiti si mpelelezi wa siri. Mtu akikueleza jambo kwa ajili ya utafiti, umwombe idhini kwanza, jina lake usiliandike, na ulichomwahidi ukitimize. Siku utakapoyageuza maneno ya jirani kuwa bidhaa ya kuuza, elimu yako imekwisha hapo, na hakuna mlango utakaofunguliwa tena, wala kwako wala kwa atakayekuja nyuma yako.

Na sasa narudi kwa mama yangu wa mstari wa mbele.

Umeniuliza, binti yako atakuwa mtu wa kutukamata? Huenda akawa afisa, ndiyo, na akiwa afisa ninaomba awe yule anayekamata mwenye kosa na kumwacha jirani yake. Lakini zaidi ya hapo, anaweza kuwa yule anayeketi mezani wakati uamuzi unafanywa. Kwa miaka zaidi ya 30 watu wameketi Nairobi, Geneva na New York wakiandika juu ya usalama wa Hagadera. Wengine waliandika kwa nia njema. Lakini siku uamuzi wa kufunga hawala ulipofanywa, hakuna aliyesimama pale akasema, "Mheshimiwa, mama yangu hulipa karo kwa fedha hizo, hebu tutafute njia ya kuzikamata zile chafu na kuziacha hizi." Sentensi hiyo moja, ikisemwa na mtu mwenye takwimu mkononi na anayejua sheria, ina thamani ya miaka 4 ya masomo.

Hooyo, binti yako akirudi, nyumba itakuwa ile ile na njia ya kuni itakuwa ile ile. Yeye ndiye atakayekuwa amejifunza kuitazama. Sijui kama nimekujibu. Maswali yakianza, wewe ndiwe wa kwanza.